Gia Zikiruka, Anza na Kava

Mteja akifika kwa fundi na kulalamika kwamba gia zinaruka, kitu cha kwanza kuguswa huwa ni zile skrubu mbili ndogo za kihamishi, ule mkono wa nyuma unaosogeza cheni. Zinazungushwa kidogo, gurudumu linainuliwa, pedali inazungushwa, cheni inapanda na kushuka bila shida, pesa inalipwa. Jumamosi mwenye baiskeli anaingia msitu wa Karura, Nairobi, anafika mlima wa kwanza, na cheni inagoma palepale ilipokuwa ikigoma. Zile skrubu hazikuhusika. Kazi yake ni kuizuia cheni isipitilize: isianguke nje upande wa sproketi ndogo (sproketi ni yale magurudumu ya meno ya nyuma), wala isiingie kwenye spoki upande wa sproketi kubwa. Yanayotokea katikati yanaamuliwa na waya, na zaidi ya waya, yanaamuliwa na kava ambamo waya unapita.

Si ajabu kava lisahaulike. Baiskeli ambayo wengi wetu tuliikuta nyumbani ni Black Mamba, na breki zake ni vyuma vigumu vinavyoonekana toka usukani hadi kwenye rimu. Kikipinda unakiona, kikilegea unakisikia. Baiskeli ya milimani, nayo, ina nyaya tatu au nne zilizofichwa ndani ya plastiki nyeusi, na nyingi ya hizi zinazouzwa Nairobi ni za mtumba, zimekuja na nyaya zilezile zilizopigwa na mvua ya Ulaya miaka mingi kabla ya kuonja vumbi letu. Mnunuzi hukagua tairi, hukagua rangi, hubonyeza breki mara mbili, akalipa.

Ufundi wenyewe ni wa zamani. Ernest Monnington Bowden aliupatia hataza Uingereza mwaka 1896, na mpaka leo mpango haujabadilika: waya wa chuma uliosokotwa unapita ndani ya kava lisilokubali kubanwa. Watu hudhani waya ndio unaofanya kazi na kava linalinda tu. Hebu fikiria ukibana leva ya breki bila kava. Waya uliopinda kuzunguka shingo ya baiskeli utajinyoosha hewani, na breki haitasikia lolote. Ili waya uvute, lazima kitu kingine kisukume upande wa pili kwa nguvu ileile, na kinachosukuma ni kava, lililobanwa kati ya leva na kituo cha kwenye fremu. Breki na kihamishi husikia tofauti ya urefu kati ya viwili hivyo. Kava likifupika milimita moja kwa kubonyea, ni sawasawa na waya uliorefuka milimita moja.

Milimita moja inaonekana ndogo mpaka upige hesabu ya gia. Shimano walipoleta mwaka 1984 gia zinazohama kwa mlio, mlio mmoja kwa sproketi moja, walimwondolea mwendeshaji kazi ya kukadiria kwa mkono na kumwachia waya kazi hiyo. Kwenye mfumo wao wa gia nane nyuma, kila mlio huvuta waya takriban milimita 2.8. Kihamishi hukuza mwendo huo kama mara 1.7, kwa hiyo cheni husogea karibu milimita 4.8, ambao ndio umbali kati ya sproketi moja na nyingine. Sasa waya ukikosea milimita moja, cheni inakosea 1.7, zaidi ya theluthi ya safari yake. Inabaki inaning'inia kati ya sproketi mbili ikikwaruza, na ukikanyaga kwa nguvu inaruka. Kadiri sproketi zinavyoongezeka nyuma, nafasi kati yake inazidi kuwa finyu na msamaha unapungua. Ndiyo maana baiskeli ya zamani ya gia sita huvumilia uchafu ambao ya gia kumi haiwezi kuuvumilia.

Hapo ndipo ilipotoka sababu ya kuwa na makava ya aina mbili, jambo ambalo maduka mengi ya spea hayajali. Kava la breki, kwa kawaida la milimita 5, limetengenezwa kwa bapa la chuma lililozungushwa toka mwanzo hadi mwisho. Lina nguvu sana, haliwezi kupasuka, lakini likipindwa urefu wake hubadilika kidogo. Kwa breki hilo si neno. Mkono wako utafidia. Kwa gia ni balaa, kwani kila ukigeuza usukani gia zinajihamisha zenyewe. Kwa hiyo kava la gia, la milimita 4, lina nyuzi nyembamba za chuma zilizolala kwa urefu, sambamba na waya. Halibadiliki urefu likipindwa. Lakini nyuzi hizo zimeshikiliwa pamoja na plastiki ya nje tu, na nguvu ya breki ni kubwa kuliko ya gia. Ukiweka kava la gia kwenye breki, siku utakayobana kwa nguvu zote, ukishuka vilima vya Ngong kwa mfano, plastiki inaweza kupasuka na nyuzi zikatawanyika. Leva itagonga usukani na hutakuwa na breki. Kosa jingine lolote la nyaya litakuudhi. Hili linaweza kukuua. Kama fundi anakuambia kava ni kava, chukua baiskeli yako.

Nyaya zenyewe nazo si moja. Wa breki ni mnene, milimita 1.5 hadi 1.6, na kichwa chake kwenye baiskeli ya milimani ni kama kipipa kidogo kilicholala. Wa gia ni mwembamba, 1.1 au 1.2, na kichwa chake ni kidogo zaidi. Kuna pia wa breki wenye kichwa cha umbo la peasi, ambao ni wa baiskeli za mbio. Ukinunua, chukua wa chuma kisichoshika kutu. Wa bei rahisi uliopakwa zinki hufifia na kuwa wa kijivu, kisha kutu inaanza ndani mahali usipoona.

Adui mkubwa wa yote haya ni msuguano, na una tabia moja ambayo watu wengi hawaitarajii: hautegemei sana urefu wa kava, unategemea kona. Baharia anayeegesha jahazi huizungusha kamba mara mbili tatu kwenye nguzo ya gati na kulishika jahazi zima kwa mkono mmoja, kwa kuwa kila mzunguko unazidisha ule uliotangulia. Waya ndani ya kava ni vivyo hivyo. Jumlisha kona zote toka usukani hadi kihamishi na zinaweza kufika digrii 360, mzunguko mmoja kamili. Kwa kava safi, ambalo kiwango cha msuguano wake tukichukulie kuwa 0.1, kati ya nguvu uliyoweka mwanzoni hufika karibu asilimia 53 upande wa pili. Uchafu ukiongeza msuguano mara mbili tu, hadi 0.2, hufika asilimia 28. Hujaharibu kitu, hujavunja kitu, umepita kwenye tope mara kadhaa, na nusu ya kilichokuwa kikifika hakifiki tena.

Kidole gumba chako kina nguvu ya kushinda msuguano huo bila wewe kutambua. Springi ya kihamishi haina. Na huu ndio ufunguo wa kuutambua ugonjwa bila kufungua chochote. Kwenye vihamishi vya kawaida, waya ukivutwa cheni hupanda kwenda sproketi kubwa. Ukiachiwa, springi ndiyo inayoirudisha kwenye ndogo. Cheni ikichelewa kupanda, yaani mlio umesikika lakini cheni haijaenda, waya umelegea. Zungusha ile nati ya vidole iliyo mahali kava linapoingia kwenye kihamishi au kwenye swichi ya gia iliyo usukani, robo mzunguko kwa mara moja, kinyume cha mwendo wa saa. Umelirefusha kava, waya umekaza, kwisha.

Cheni ikipanda vizuri lakini ikachelewa kushuka, mambo ni mawili: ama waya umekazwa kupita kiasi, ama springi inashindwa kuurudisha kwa sababu ya msuguano. Zungusha nati robo mzunguko kwa mwendo wa saa, ulegeze waya. Ikiwa sasa inashuka vizuri na bado inapanda vizuri, ulikuwa umekaza mno. Lakini ikiwa umetibu kushuka ukaharibu kupanda, kisha ukitibu kupanda unaharibu kushuka, acha nati. Hakuna mahali utakapoipata raha. Kava limechafuka au limekufa, na kila dakika unayoendelea kuzungusha unaitesa nafsi yako. Nimeona watu wazima wenye subira ya kuvua samaki wakikaa na nati hiyo alasiri nzima.

Kwa breki dalili ni leva inayorudi polepole, au inayobaki imelala mpaka uisukume kwa kidole. Springi ya breki nayo imeshindwa kuurudisha waya. (Ikiwa tatizo la gia liko kwenye sproketi mbili tatu tu na nyingine ziko sawa, usilaumu waya, tazama kama kile kipande cha chuma kinachoshika kihamishi kimepinda. Baiskeli zilizosafiri kwenye buti au juu ya matatu zina ugonjwa huo sana.)

Nairobi imekaa juu ya udongo wa aina mbili, na kila mmoja una hila yake. Upande wa Karura, Dagoretti, Kikuyu hadi Limuru ni udongo mwekundu, ambao Januari na Februari huwa vumbi laini linaloingia popote hewa inapoingia. Likikutana na mafuta ndani ya kava linakuwa msasa. Ukienda Embakasi au Kitengela unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hauingii kirahisi lakini ukilowa unanata kwenye tairi, unapandishwa mpaka kwenye kihamishi, na ukikauka unashika kama saruji. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazomaliza kazi, maana maji hubeba uchafu ndani kisha hukauka na kuuacha humo.

Mahali panapoumia kwanza ni kipande kifupi cha mwisho cha kava, kile kinachotoka kwenye fremu na kujipinda hadi kwenye kihamishi. Kiko chini kabisa, karibu na tairi, kina kona kali kuliko zote, na mdomo wake unapokea kila kinachorushwa na gurudumu. Mara nyingi sana ugonjwa mzima wa gia uko humo. Kipande hicho ni sentimita thelathini hivi. Kukibadilisha ni bei ndogo kuliko marekebisho mawili ya fundi, na mimi ningekibadilisha kila msimu wa mvua unapoisha bila hata kukichunguza.

Kusafisha si kazi kubwa ikiwa vituo vya kava kwenye fremu vina mwanya, kama ilivyo kwenye baiskeli nyingi za zamani kidogo. Inua gurudumu la nyuma, peleka cheni kwenye sproketi kubwa kabisa, acha pedali itulie. Kisha, bila kuzungusha pedali, bonyeza swichi mpaka kwenye gia ya sproketi ndogo. Cheni haiwezi kuhama, kwa hiyo waya unalegea. Sasa makava yanachomoka kwenye vituo bila kufungua bolti yoyote, na unaweza kuyatelezesha huku na huku ukifuta waya uliokuwa umejificha. Kitambaa chenye spiriti kidogo kinatosha. Ukiona kutu, au ukihisi uzi mmoja uliokatika ukichoma kidole, usifute, badilisha. Waya wa breki kwa kawaida una nyuzi 19, na ukikatika mmoja, iliyobaki inabeba mzigo wake na kufuata njia hiyohiyo. Hukatikia zaidi karibu na kichwa, ndani ya leva, kwa hiyo bana leva na uchungulie humo. Baiskeli ambayo kava lake halikatiki toka usukani hadi nyuma, au ambayo nyaya zimepita ndani ya fremu, haina njia hii ya mkato. Faida yake ni kwamba uchafu hauna milango mingi ya kuingilia.

Suala la mafuta limeleta ubishi mwingi kuliko linavyostahili. Tazama mdomo wa kava. Ukiona kijineli cha plastiki nyeupe au angavu ndani, kava hilo limetengenezwa liteleze lenyewe. Linahitaji matone mawili ya mafuta mepesi, ya cherehani kwa mfano, au lisipewe kitu kabisa. Grisi nzito humo huishika springi na kukusanya vumbi. Oili ya injini, ambayo jirani mwenye bodaboda atakupa kwa moyo mweupe, ni mbaya zaidi. Kava la zamani lisilo na plastiki ndani, chuma kwa chuma, ndilo linalohitaji kupakwa vizuri. Kuhusu dawa za kupuliza kama WD-40: herufi hizo mbili zinatokana na kazi ya kufukuza maji, na hiyo ndiyo wanayoiweza. Baada ya mvua kubwa zinafaa, lakini zinaosha mafuta yaliyokuwepo na kuacha utando mwembamba usiodumu. Kisha kuna hatari yake: ukipuliza karibu na gurudumu lenye breki za diski, ukungu wake unatua kwenye diski, na pedi zikinyonya mafuta hakuna kuzirudisha.

Na kuna pale wanapoosha magari. Vijana wana mashine, wana kasi, na baiskeli inang'aa kwa bei ya soda. Lakini maji ya shinikizo yanapiga mdomo wa kava na kusukuma mchanga ndani, mahali ambapo mvua peke yake isingeufikisha. Ndoo, sifongo, sabuni ya kawaida. Na usiigeuze baiskeli miguu juu ukiwa unaiosha. Leva zinakuwa vikombe na maji yanateremka kwenye kava.

Kubadilisha kava, kinachoamua mafanikio ni ukataji. Koleo la kawaida linabonyeza mdomo na kuufumba, na grainda inayeyusha plastiki ya ndani. Mkasi wa waya ndio chombo chake. Ukikosa, ingiza kipande cha waya wa zamani ndani ya kava kabla ya kukata ili tundu lisibonyee. Kisha lainisha mdomo kwa tupa mpaka ukae sawa kama umekatwa kwa msumeno, na uzibue kijineli cha ndani kwa spoki iliyochongwa ncha. Kila mdomo uvikwe kofia yake. Mdomo uliokatwa mshazari utakaa kwenye kofia mwezi wa kwanza, kisha utajikunja polepole, na gia zitapotea milimita kwa milimita bila sababu unayoiona.

Urefu: geuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto. Kava lisivutike popote, na lisibaki na kitanzi kinachopepea. Kona ziwe pana. Baada ya kufunga, vuta kwa mkono sehemu ya waya iliyo wazi kando ya fremu, bana leva za breki kwa nguvu mara kadhaa, kisha rekebisha upya. Wengi husema waya mpya unarefuka. Kinachotokea hasa ni makava kujikita ndani ya kofia zake na kwenye vituo, na ukiyalazimisha yajikite nyumbani hutasumbuka njiani. Mwisho wa waya ubanwe kofia ya alumini; tone la gundi kali pia linazuia usifumuke.

Kulinda kilichofungwa vizuri ni kazi ya tyubu ya zamani. Kata vipande, vizungushe mahali kava linapogusa shingo ya fremu, kwani vumbi likikaa kati yake hula rangi mpaka chuma, na upande wa pili hula plastiki ya kava mpaka nyuzi zionekane. Breki za rimu zenye bomba lililopinda hupasuka kile kimpira chenye mikunjo kinachofunika waya. Wengi hukitupa, nacho ndicho kizuizi pekee cha tope hapo. Ukipakia baiskeli kwenye gari, tazama usukani usijipinde na kukunja kava. Kava lililokunjika kona kali, hata ukilinyoosha likapendeza, ndani limebonyea na halitapona.

Waya wa gia ukikatika ukiwa mbali, tuseme kwenye mashamba ya chai Limuru, springi itaipeleka cheni kwenye sproketi ndogo kabisa, na hakuna mlima utakaopanda nayo. Hapa zile skrubu za mwanzo zinapata kazi. Tafuta ile inayozuia upande wa sproketi ndogo, ikaze ukizungusha pedali, na kihamishi kitasogezwa ndani mpaka sproketi ya pili au ya tatu. Iache hapo na uende. Waya wa breki ya nyuma ukikatika, teremka polepole kwa ya mbele ukiwa umerudisha uzito nyuma ya kiti. Ukikatika wa mbele, ya nyuma peke yake itateleza kwenye changarawe muda mrefu kabla ya kusimama, kwa hiyo miteremko yote uishuke kwa miguu.